Kopo la Chumba Namba Tisa

Mgeni rasmi, Profesa unayesimamia utafiti wa vidonge. Sista wa zamu. Wagonjwa wenzetu, na nyinyi mliotusukuma kwenye viti vya magurudumu:

Karibu sana. Leo unasomewa risala na kikundi kinachotii masharti kuliko vyote hospitalini hapa. Furahia sifa hiyo mapema, maana tukifika katikati utaturudishia wenyewe.

HISTORIA FUPI

Sisi ni wagonjwa kumi na mmoja, pamoja na katibu wetu, bibi wa darasa la saba asiyeumwa kitu ila ulimi. Yeye humleta mwanawe, Fundi wa cherehani, ambaye mwaka juzi aliamka jicho la kulia limejaa ukungu, vidole vimekufa ganzi hata sindano haisikii. Kalamu alipewa bibi kwa sababu mikono yetu sisi huandika inavyotaka yenyewe.

TULICHOJIFUNZA

Siku ya kwanza ulituchorea ubongo ubaoni. Ukasema mishipa midogo ya damu mle kichwani ina ukuta wa seli zilizobanana: kinachohitajika hupita, kisichotakiwa hubaki nje. Katibu akasinzia. Fundi ndiye aliyemgutusha.

"Mama, ni mshono! Ukiwa wa karibu karibu, hata maji hayapenyi."

"Sasa kaufumua nani?"

"Askari wetu wenyewe wa mwilini. Wakicharuka hawachagui. Mshono unalegea, wanaingia ndani, wanatafuna neva."

"Kama mgambo," akasema katibu. "Umemwita afukuze mwizi, yeye kakuvunjia mlango."

Tukaelewa pia kwamba mwili una molekuli zake za kutuliza, mithili ya shangazi anayeingia katikati ya ugomvi na kusema yatosha. Zikiwepo za kutosha, askari hupoa na mishono hushika. Vidonge vyako vinajaribu kuwaongeza mashangazi hao. Hukutuahidi kwamba vinaweza. Ulisema hilo ndilo tunalolitafuta pamoja. Hiyo "pamoja" tuliipenda mno, labda kupita kiasi.

CHANGAMOTO

Barua yako inasema umekuja kutuaga. Damu zetu hazieleweki: waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu wanafanana kama maji na maji. Utafiti unafungwa.

Mgeni rasmi, mficha maradhi kilio humuumbua. Dawa yako haina kosa. Kosa ni la kopo.

Uliposema nusu yetu watapewa vidonge visivyo na kitu, na kwamba hata wewe hujui ni akina nani, tuliitikia vizuri na saini tukatia. Kisha tukakaa kwenye benchi la korido, tukatazamana. Mwalimu anaburuta mguu. Mwenyekiti, aliyekuwa dereva wa lori, hashiki tena usukani. Nani angekwenda kwake kutafuna chokaa huku mwenzake anapona?

"Sisi si watu wa kula kwa kujificha," akasema Mwenyekiti.

Katibu akatoa kopo la majani ya chai. Tukamimina chupa zote kumi na moja, tukatikisa, naye akamgawia kila mtu. Mwezi wa kwanza hivyo, mpaka wa nane. Tulidhani tunatenda haki, kumbe tunakata kitambaa cha mwenyewe bila kupima.

MAOMBI

Tunaomba utafiti uanze upya. Safari hii chupa zikae kwa Sista, tumeze mbele yake kila asubuhi, tufungue midomo tukaguliwe kama watoto wa chekechea. Tutakuja, kwa miguu au kwa kusukumwa. Atakayeangukiwa na vitupu, na avimeze. Tutamsaidia kwa njia nyingine, si kwa kopo.

Na kama haiwezekani, basi usiandike kwamba molekuli hizi zimeshindwa. Hazikupewa nafasi. Fundi hashoni tena mashati. Siku hizi hukunja pindo za mapazia kwa kupapasa, na jicho la kushoto nalo limeanza. Hana miaka ya kungoja hadi mwingine aje na ubao na chaki.

Mungu aikaze mishono ya kichwa chako, na yetu iliyobaki asiiache ifumuke.

Ni sisi, Kikundi cha Wagonjwa wa Chumba Namba Tisa.

NYONGEZA, KWA AMRI YA WANACHAMA

Risala hii iliposomwa kwa majaribio jana mchana, Sista alitaka kujua kila mmoja alikuwa akigawiwa vidonge vingapi kwa mwezi, akuletee hesabu ya kweli.

"Thelathini thelathini," katibu akajibu, kalamu mkononi. "Nimehesabu mwenyewe, Mungu shahidi. Sikumpendelea mtu, awe wa kuzaa au wa kuokota."

Mwalimu akakohoa. "Bibi, mimi vyangu vilikuwa vinaisha siku ya ishirini na saba. Nikajua nimesahau, nimemeza mara mbili."

"Hata mimi ishirini na saba," akasema Mwenyekiti.

Wengine nao wakainua mikono, mmoja mmoja, mpaka ikafika kumi. Katibu akaanza kulaumu macho ya uzee.

"Lakini mama," Fundi akauliza, akimgeuzia lile jicho lenye nafuu, "si uliniambia Profesa ndiye aliyeagiza mimi nimeze viwili viwili?"