Mama Bado, Mwoka Hostia

Kitu cha kwanza ambacho kitinda mimba wake, anayesoma maneno haya, alikiona kwa marehemu ni ncha za vidole vyake: zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, hazina mstari hata mmoja. Chuma cha kuokea hostia, mkate mwembamba wa komunyo, kilikuwa kimeifuta yote. Marehemu alikataza kupambwa siku ya mazishi. "Mkidanganya mbele ya jeneza langu nitawasikia," alisema. Kwa hiyo hapa hapambwi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi matofali. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akafaulu. Baba yake akaamua kaka yake, aliyefeli, arudie darasa, na yeye aende kupika kwa masista.

Huko alitamani kubaki awe mtawa. Mama mkuu alimsubirisha miaka mitano, kisha akamwambia mezani, mbele ya wenzake: "Wewe una mikono ya jikoni, mwanangu. Wito huna." Alikwenda akanawa uso, akarudi kugeuza chuma. Kazi aliyojifunza huko ndiyo aliyoifanya maisha yake yote: unga wa ngano na maji, bila chumvi wala hamira, hubanwa kati ya mabamba mawili ya moto, kisha hukatwa duara. Aliokea parokia nzima. Makombo alikula yeye.

Tarehe 12 Septemba 1981 aliolewa na fundi viatu, nyumbani kwa wazazi, kwa makubaliano kwamba ndoa ya kanisani ingefungwa Krismasi. Haikufungwa. Paroko wa wakati huo alimsema bwana harusi madhabahuni kwa ulevi, naye akaapa. "Sipigi magoti mbele ya mtu ninayemshonea viatu," alisema, na kiapo hicho akakishikilia miaka arobaini na miwili. Parokiani, aliyeolewa bila ndoa ya kanisani hapokei komunyo. Hivyo marehemu, aliyeoka hostia za watu wote, alibaki benchi la mwisho kila Jumapili, akisogeza magoti pembeni ili wenzake wapite. Wanawake wa jumuiya wakambandika jina.

"Mama Bado, leo je?"

"Bado, dada zangu. Piteni, ila msinikanyage."

Nyumbani alimwomba mumewe kila mwaka, na kila mwaka jibu lilikuwa hilohilo: "Unaoka debe zima, mama watoto. Si ule hukohuko jikoni, nani atakuona?" Watoto walicheka. Anayesoma maneno haya alicheka kuliko wote.

Kila alipooka, alichagua hostia mbili zisizo na ufa, akaziweka kwenye kopo la rangi ya viatu alilolisugua kwa majivu mpaka harufu ikaisha. "Yangu na ya baba yenu," alisema. "Siku ikifika tusikose." Zikichakaa alizila kama makombo, maana padri asipoziweka wakfu ni mkate tu, akaweka nyingine.

Juni 2023 chakula kilianza kumkwama. Daktari alisema ni saratani ya umio. "Pa kumezea kabisa!" mumewe akasema. "Huyo Mungu wako ana utani." Marehemu aliendelea kuoka hadi Februari mwaka huu.

Tarehe 14 Mei paroko msaidizi, ambaye bado ni kijana, alifika wodini. Alieleza kwamba kwa mgonjwa mahututi mlango uko wazi, mume akubali asikubali. Tena hata zamani ingeweza kutafutwa njia, kama kuna mtu angejisumbua kuitafuta. Hakuna aliyejisumbua. Marehemu aliungama, akapakwa mafuta. Hostia ikasogezwa mdomoni. Kwa siku tatu alikuwa hajameza hata maji. Kila kitu kilirudi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akafunga mdomo.

"Nitaitapika, Padri," alinong'ona. "Mpe yeye." Akamwonyesha mumewe aliyesimama mlangoni.

"Yeye ataungama kwanza, Mama."

Mumewe akatoka kwenda kuvuta sigara.

Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kibandani anamalizia kiatu cha mteja. Ameacha mume, watoto watano, wajukuu tisa, kaka mmoja, na parokia isiyo na mwoka hostia. Mungu amkalishe benchi la mbele.

Kilichomzuia mumewe kupokea komunyo kimekwisha: mgane hahitaji kufunga ndoa na marehemu. Amebakiza kuungama tu. Jana alionekana mara mbili kwenye foleni ya kitubio, pa kuungamia, na mara mbili akachomoka. Kitinda mimba akamuuliza, "Vipi, baba?"

"Yule padri kijana soli zake zimekwisha," akajibu. "Atateleza."

Kopo limekabidhiwa kwa katekista, na hostia zote mbili zitawekwa wakfu leo. Wasifu huu unasomwa saa nne. Misa ni saa tano kamili. Padri ameahidi kukaa kitubioni mpaka kengele ya mwisho, na watoto wote watano wamekaa wakiutazama mlango wa kitubio, wakimsubiri baba yao.