Maji Hayakuja Kutusalimia

Masika yalikuwa yamekwisha, na mtaa wa bondeni ulikuwa mkavu hadi vizingitini. Kwenye benchi la Mama Birika, muuza kahawa, Fundi Sindano alishika kikombe bila kunywa. Yeye ni mshona nguo, na kila mwaka mawingu yakianza kununa hufanya kama jirani zake wote: hupandisha vitanda juu ya matofali, maji yasije yakamkuta usingizini. Mama yake ana magoti mabovu, hawezi kupanda kitanda kirefu hivyo, basi humpeleka kwa dada yake, mji wa pili. Asubuhi hiyo mama alikuwa amepiga simu: “Mwanangu, nirudi au bado tu?” Naye akajibu kama alivyozoea: “Ngoja kwanza, Mama.” Sasa alitaka kujua jambo moja: maji yameondoka kweli, au yamejificha tu?

— Yameondoka kweli, ni kazi ya madiwani, — alisema Mama Birika akimimina. — Mungu awape maisha marefu. Walikaa papo hapo ulipokaa wewe, Spana.

Spana, fundi baiskeli, akajiinua kidogo, kama mtu aliyekalia mkeka wa wageni.

— Wa kwetu na wa ng'ambo ya mtaro, — Mama Birika aliendelea. — Miaka yote huyu anasema taka zinazouziba ni za kule, yule anasema ni za huku. Siku ile wakavua viatu, wakaingia mtaroni wote wawili, wakazitoa.

— Na mwenye nyumba wangu wakamwambia ainue kizingiti, — alisema Sindano. — Akainua! Nilidhani naota.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, — alisema Spana.

— Si walikaa? — aliuliza Mama Birika.

— Walikaa benchi. Mimi nimesema zizi.

Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza, akacheka.

— Hamjui kitu nyie. Wale madiwani ni ndugu, baba mmoja. Nimemnyoa wa kwetu mwenyewe, akanieleza.

— Wa kwetu ni mwanamke, Redio, — alisema Mama Birika. — Ana misuko hadi mabegani.

— Basi nilimnyoa yule mwingine!

— Mimi naona maji yenyewe yametuchoka, — alisema Spana. — Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yameona jembe, yamekimbia.

— Bonde limehamishwa, — Redio akanong'ona. — Kwa trekta, sisi tumelala. Siku hizi nikitoka kazini nateremka pale nilipokuwa napanda.

— Jamani, mimi nataka ukweli! — alisema Sindano. — Nikimrudisha mama, halafu maji yakaja?

— Ile mvua kubwa ya mwisho ilikukuta wapi? — Mama Birika alimwuliza taratibu.

— Kitandani.

— Uliposhuka ulikanyaga nini?

— Sakafu. Kavu.

— Basi shukuru, mwanangu.

— Nashukuru kila siku, Mama. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hapo akatokea binti mmoja, godoro kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

— Natafuta chumba. Nasikia huku maji huingia ndani?

— Zamani hiyo! — wakajibu kwa pamoja, vifua mbele. — Madiwani wamezibua mtaro. Masika yote, hata tone!

— Afadhali. Sasa mbona kila chumba nilichooneshwa, kitanda kiko juu ya matofali?

Spana akamtazama Redio. Mama Birika, ambaye asubuhi ile ile alishuka kitandani kwake kwa kukanyaga kigoda, akatikisa birika. Lilikuwa tupu.

Sindano akaweka kikombe chini, akaingia chumbani kwake. Benchi zima likasikia tofali likikwaruza sakafu.

— Spana! Njoo unishikie huku miguuni!

Kitanda kilipotua, alipiga simu kabla hata hajafuta vumbi mikononi.

— Mama, rudi nyumbani. Kitanda kimeshuka.

— Nani amekishusha?

— Madiwani, Mama. Sisi tumetoa matofali tu.