Mzee Tulia, Asiyetulia, Anaaga Chumba cha Macho

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wa dawa za usingizi katika chumba chetu cha upasuaji wa macho anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko, lakini humu hospitalini halitumiki. Sisi tunamwita Mzee Tulia, kwa neno analomwambia kila mgonjwa kabla ya sindano, ingawa yeye mwenyewe kutulia hakujui. Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa ndimi muuguzi niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi, na hadi kufika hapa nimeshainuka kitini mara kadhaa. Ugonjwa wake unaambukiza.

Ukimtafuta asubuhi, sikiliza viatu vyake vya mpira vikilia sakafuni. Atakagua mtungi wa oksijeni, ataondoka, kisha atarudi kuukagua tena, utadhani kuna jirani aliyekuja kuazima hewa. Chai yake hupoa mezani kila siku. Nadhani ladha ya chai ya moto ameshaisahau.

Wasiwasi huo una sababu. Mgonjwa wa mtoto wa jicho hudungwa ganzi kando ya jicho, naye hajalala. Akishtuka, sindano inaweza kuliharibu jicho lile lile alilokuja kutibiwa. Ukimpa dawa ya kumtuliza kidogo mno, anaruka. Ukimzidishia, anasahau kupumua. Katikati hapo ndipo Mzee Tulia alipoishi miaka yote hii.

Ndiyo maana aliongoza utafiti wetu wa kulinganisha dawa mbili za jamii ya afyuni: fentanili tuliyoizoea, na remifentanili, inayoanza upesi na kuisha upesi. Mfamasia alituletea mabomba ya sindano bila jina la dawa, ili Mzee na mgonjwa wasijue ipi ni ipi. Tukangoja kuona nani atashtuka. Hakushtuka mtu. Wote walitulia kama maji ya mtungi, na Mzee akakosa raha kabisa. Alilalamika kwamba dawa mbili haziwezi kufanana kama mapacha.

Ikabidi nimwonyeshe. Wakati wote huo, yeye Mzee alikuwa akimshika kila mgonjwa mkono. Ni mazoea, wala hakujijua. Kumbe tulikuwa tunalinganisha mkono wake na mkono wake.

Alinuna mchana kutwa, kisha akaanza utafiti upya, mikono nyuma. Sijapata kuona mtu mzima akiteseka vile. Safari hiyo tofauti ilijitokeza: kwetu, dawa ya haraka ilipunguza zaidi uchungu wa sindano, ila ilidai mtu asibanduke kwenye pumzi za mgonjwa. Utaratibu tunaoufuata leo ulitoka hapo. Utafiti ulipoisha, mikono yake ilirudi kazini siku hiyo hiyo.

Sasa zamu imemfikia mwenyewe. Jicho lake la kulia limeota mtoto wa jicho, na Jumatatu baada ya sherehe hii atalala kwenye kitanda chetu. Anaogopa. Alisema hivyo waziwazi, mkewe akiwa pembeni, na mkewe akamkumbusha kwamba mganga hajigangi. Tangu hapo anauliza atapewa dawa ipi, nani atapima pumzi, nani atasimama wapi, mpaka daktari wa macho amemtoa ofisini kwa adabu. Nami usingizi umenipaa wiki nzima, kwa sababu ombi lake la mwisho kazini alinipa mimi.

Mzee wetu, ahsante kwa kila jicho lililofunguka salama mikononi mwako. Tunakuombea siku njema za mapumziko, chai ya moto, na macho ya kuwaona wajukuu wakikukimbilia. Jumatatu dawa atachagua daktari. Mkono utakaokushika, kama ulivyoniomba, ni wangu, na sitauweka nyuma. Wewe tufanyie jambo moja tu ambalo hatujawahi kukuona ukilifanya humu ndani: tulia.