Mwizi Alitumia Jina Langu, Bwana Akanitetea

Mwana wa Mungu apewe sifa, ndugu zangu! Nasema apewe sifa, hata na nyinyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango! Mchungaji amenipa dakika kumi. Mnanijua, nitazidisha. Mnivumilie, maana mwezi mzima nilikaa nyumbani kwangu hapa Mnarani, Kilifi, nimefunga mdomo, na mimi si mtu wa kufunga mdomo.

Kwa wageni, naitwa Kadzo, wengi huniita Mama Karisa. Nilizaliwa Jilore, nikaolewa huku, na kwa miaka mingi nimekuwa mpishi wa shule ya msingi. Shuleni napika kwa mshahara, misibani napika kwa mapenzi. Akifiwa mtu kuanzia hapa mpaka Junju, mimi ndiye ninayeitwa.

Sasa nitaanza na ujinga wangu mwenyewe, nisije nikamsingizia shetani kila kitu. Mnajua tunavyofanya kwenye matanga. Sufuria kubwa ni za kukodi, hema ni la kukodi, viti ni vya kukodi, na mwenye vyombo hatoi hata kijiko mpaka mtu aache kitambulisho chake. Hapo ndipo wanaume wote huanza kutazama chini. Huyu kakisahau, yule kakipeleka benki. Na mimi kwa kiherehere changu nasema, "Chukueni changu!" Nilijiona Mkristo mkubwa kweli. Kitambulisho changu kimelala katika nyumba nyingi kuliko mwinjilisti! Wiki hii kiko kwa mwenye viti, wiki ijayo kiko kwa mwenye sufuria, na kikirudi siulizi kilishikwa na nani wala nani alikipiga picha. Ningeulizaje? Kuuliza ni kumshuku mtu, na sisi wakati wa msiba hatushukuani.

Ndugu zangu, siku moja mwalimu mkuu akaniita ofisini. Nilidhani ni habari ya maharagwe. Nikamkuta amekaa na afande. Afande akaniuliza kama namjua mjane fulani wa Junju. Nikasema namjua, nilipika kwenye msiba wa mumewe. Akasema baada ya mazishi kuna mtu aliwapigia simu jamaa za marehemu, akidai anakusanya mchango uliobaki kwa niaba ya mjane. Watu wakatuma. Na laini hiyo ya simu imesajiliwa kwa jina langu, kwa nambari ya kitambulisho changu, tarakimu kwa tarakimu.

Nikamwambia, "Afande, mimi hata picha sijui kutuma kwa simu."

"Mama," akasema, "wote husema hivyo."

Mwalimu mkuu hakunifukuza. Alisema tu, "Mama Karisa, kaa nyumbani kwanza mpaka jina lako lisafike." Nani atakubali mwanawe apakuliwe chakula na mtu aliyeiba rambirambi? Nikavua aproni yangu nikaitundika, nikatoka kwa mlango wa jikoni ili watoto wasinione.

Lakini si kazi iliyoniuma zaidi. Kilichoniuma ni jina. Hili jina nilipewa la nyanya yangu, mama yake baba. Kwetu mtoto hubeba jina la mzee ili mzee asipotee. Leo nasikia watu wa sokoni wanalitaja kwa kunong'ona! Nilimwambia Mungu, heri ungenipa homa. Na nyinyi pia, siwafichi. Wako waliohama benchi nililokaa humu ndani. Nimewasamehe, lakini niliwaona.

Basi nikaanza kutafuta mtu wa kunilindia jina lililobaki. Siku hizi kuna huduma hizo: unajiandikisha, halafu kitambulisho chako kikitumiwa mahali kuomba mkopo au kufungua akaunti, unapata ujumbe. Nikapanda gari mpaka Malindi, kwa kijana mmoja niliyesikia akijitangaza kwa kipaza sauti. Ofisi ina baridi, kijana ana tai, maneno matamu kama halua. "Mama, nitakulinda dunia nzima!" Akanipa fomu. Alitaka nakala ya kitambulisho mbele na nyuma, picha ya uso, alama za vidole vyote kumi, jina la mama yangu mzazi, na chini kabisa alitaka nambari yangu ya siri ya pesa za simu. Ati ili mitambo inijue.

Na mimi, ndugu zangu, nikashika kalamu! Baada ya yote yaliyonipata! Nikajaza na kujaza. Nilipofika kwenye nambari ya siri, kalamu ikakauka wino. Semeni mnavyotaka, mimi nasema ni Roho Mtakatifu. Kijana akaingia chumba cha pili kutafuta kalamu nyingine, nami nikaikunja fomu yangu, nikaitia kifuani, nikashuka ngazi bila kuaga.

Niliporudi Kilifi nikaingia kwa Salma, yule binti wa Kiislamu mwenye duka la kutoa nakala na kujazia watu fomu za serikali. Kwao ni Malindi mjini, na mnawajua watu wa huko kwa adabu. "Shikamoo mamangu, mbona wahema?" Nikampa fomu. Akaisoma yote, kisha akavua miwani.

"Mama, huyu hataki kukulinda," akasema. "Huyu ataka kuwa wewe. Nambari yako ya siri aihitajia ya nini?"

Salma akanionyesha kwanza lisilo na malipo: kubonyeza simu yangu na kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Tulikuta tano. Zangu ni mbili! Siku hiyo hiyo nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu nikazikana zile tatu, nikapewa karatasi yenye muhuri.

Kisha tukawapigia wenye huduma, mmoja baada ya mwingine. Salma alisema niwaulize wanataka nini kutoka kwangu, na mambo yakiharibika nitamwona nani uso kwa uso. Mmoja alitaka nambari ya siri, nikamkatia simu akiwa bado anaongea. Mwingine hakuwa na ofisi, ati wao wako mtandaoni. Nikamuuliza mtandaoni ndiyo wapi, ukishapita Mtwapa? Salma alicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe tukampata bibi mmoja wa ule ushirika wa akiba ninakoweka vijisenti vyangu. Huyo alitaka niende mwenyewe. Akakitazama kitambulisho changu, akanirudishia pale pale mkononi. Akaniambia, "Mama, sikudanganyi. Mwizi hatuwezi kumzuia asijaribu. Tunaweza kukuarifu anapojaribu, mkopo ukazuiwa mapema, na nikakuonyesha pa kupeleka malalamiko." Nikajiandikisha kwake. Yule wa Malindi aliweza kila kitu, na ndicho kilichonitia hofu.

Sasa sikieni matendo ya Bwana!

Alhamisi nikaitwa kituoni mara ya tatu. Nilikuwa nimefunga siku mbili. Nikampa afande ile karatasi ya kampuni ya simu, akaitazama, akasema hata mwizi anaweza kuikana laini yake. Akachukua simu yangu, akaiweka mezani, akaweka kiganja chake juu yake. "Mama, leo ukubali tu, tumalize." Maombi yaliniishia, ndugu zangu. Maneno yote niliyojifunza humu kanisani yaliniishia. Nikawa nasema moyoni Yesu, Yesu, Yesu, basi.

Simu ikalia! Ujumbe umeingia. Afande akanitazama. Nikamwambia, "Nisomee, mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani."

Akasoma kwa sauti. Kitambulisho chako kinatumiwa sasa hivi kuomba mkopo. Ikiwa si wewe, tuarifu mara moja. Akausoma tena, safari hii kimya. Akaitazama simu iliyokuwa chini ya kiganja chake mwenyewe. Akaitazama mikono yangu, yote miwili iko juu ya meza.

"Mama, huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Afande, ndiye huyo ninayekuambia habari zake mwezi mzima."

Haleluya! Nililia na kucheka kwa pamoja, hata mahabusu wakachungulia. Afande akamwita mkubwa wake, wakampigia yule bibi wa ushirika, mkopo ukazuiwa kabla haujatoka, na nambari iliyouomba ikaandikwa kwenye jalada. Wanaifuata mpaka leo, hilo nimewaachia wao. Mimi niliingia mle mshukiwa, nikatoka mlalamishi, na barua ya polisi ya kunisafisha jina mkononi! Jumatatu mwalimu mkuu aliisoma mbele ya walimu wote, kisha akaniuliza kama naweza kuanza na chai ya saa nne. Na misibani sasa vyombo tunakodi kwa barua ya kanisa. Mtu asiniulize kitambulisho changu tena, kinalala kwangu.

Bado nilikuwa na donge moja moyoni. Yule mjane. Sikuwa na uso wa kumwendea, ingawa sikumkosea. Basi Jumamosi iliyopita nasikia hodi, natoka, ni yeye. Polisi walikuwa wamempigia. Alisimama mlangoni na leso yake, akasema, "Kadzo." Nikamshika mkono nikamwingiza ndani. Tulilia mpaka tukachoka. Halafu akaniuliza, "Wewe hukunilaani?"

Nikamwambia kweli: mara mbili. Akasema, "Mimi nilikulaani kila siku." Tukaangua kicheko sisi wawili, majirani wakadhani tumepata wazimu.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, namshukuru Salma ambaye Mungu alimtumia, nawashukuru hata nyinyi mlioniombea kwa siri. Mkitoka hapa, mwenye simu anione, nitamwonyesha namna ya kujua laini zake. Nambari ya siri msinitajie!

Na kama kuna mtu humu ambaye jina lake limechafuka, kwa haki au kwa uongo, usikae nalo peke yako kama nilivyokaa mimi. Mwamini Bwana. Yeye hakujui kwa karatasi. Njoo hapa mbele tuombe. Nawe mamangu wa Junju, uliyekaa pale mstari wa tatu na leso yako ya buluu, njoo wewe kwanza, usimame nami.