Bangili ya Mwaka wa Shilingi

Basi letu la kutoka kitongoji cha Sheikh Othman lilipokaribia Crater, mjini, mzee Murshid wa mtaani kwetu alifungua leso, akamwonyesha abiria aliyekaa naye bangili ya dhahabu. Alikuwa anakwenda kuiuza. Riali imeshuka tena, na pensheni haifiki hata kwenye unga.

"Ya marehemu mama," alisema. "Baba alikuwa karani wa Mwingereza, bandarini. Walipoondoa rupia wakaleta shilingi, mshahara wake wa mia na ishirini ukawa mia na themanini. Akamwambia mama amepandishwa cheo, akamnunulia hii kwa mkopo. Mama akapika zurbian, wali wa nyama wa sherehe, mtaa mzima ukala."

Mwenzake, haji mmoja mwenye meno mawili, alicheka kwa yote mawili. "Rupia moja ilikuwa shilingi moja na nusu, bwana wee! Baba yako hakupandishwa hata ngazi. Mama kadanganywa."

"Mama alikuwa mtu wa sokoni, haji. Samaki wa rupia moja kesho yake alikuwa wa shilingi moja na nusu. Alijua kabla yetu sote."

"Sasa alipika kwa furaha gani?"

"Kabla ya siku ile, baba hakuwahi kurudi kutoka kazini akicheka."

Nami, kiti cha nyuma yao, nilimwombea rehema marehemu mume wangu, pamoja na vyeo vyake vyote vya uongo nilivyovipokea nikijua.

Basi lilisimama. "Soko la dhahabu!" aliita kondakta.

"Si unashuka hapa?" haji aliuliza.

Mzee Murshid alikuwa bado anafunga leso. "Nitashuka likirudi," alisema.