Supu ya Mfupa Asubuhi ya Upasuaji

Ndugu zangu, amani ya Bwana iwe nanyi. Naomba nishuhudie nikiwa nimekaa. Nimechoka, na kukaa ndiyo kazi ninayoijua vizuri. Naanza na ujinga wangu, msije mkausikia kwa jirani: asubuhi ya kukatwa titi, nilikunywa bakuli mbili za supu ya mfupa wa ng'ombe.

Saratani ilikuwa kwenye titi la kushoto. Lakini nyonga nayo ilikuwa inaniuma, na hiyo ndiyo iliyomtia daktari wasiwasi. Akanieleza: nikiwa nimelala kwa dawa, akimaliza titi, atachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga avute uboho, ule ute laini wa ndani, upimwe kama ugonjwa umefika huko. Mimi nikasikia tu kwamba mfupa wangu utabaki mkavu kama bomba za maji za mtaa wetu wa Kadutu. Kwetu mama akijifungua anapewa supu ya mifupa arudishe nguvu. Basi nikasema nijaze kabla hawajapunguza. Walinikataza kula na kunywa, ndiyo, lakini supu, ndugu zangu, mimi niliihesabu kama dawa.

Daktari akauliza, "Maman, umekula?"

"Hapana. Nimekunywa tu supu kidogo."

"Maman, supu iko chakula. Ukitapika ukiwa umelala, itaingia mu mapafu, utakufa. Rudi nyumbani, utakuja wiki ijayo."

Wiki ile ilinimaliza. Kila nyonga iliposhtuka nilijua ugonjwa unatembea, na mimi ndiye niliyeuongezea muda. Hata maombi yalinishinda. Nilisema tu, "Yesu, iko mimi tena." Jirani yangu Maman Nsimire ndiye aliyenipandishia maji kwenye kile kilima chetu, bidoni, lile dumu la maji, kichwani, akinung'unika mpaka mlangoni.

Niliporudi hospitali, tumbo lilikuwa tupu kweli. Daktari akanituliza: uboho anaovuta ni kama kijiko kimoja, na mwili unautengeneza tena wenyewe. "Haiombe ng'ombe, maman," akasema. Nyinyi wa nyuma mnaocheka, hata wauguzi walicheka.

Nilipoamka, titi halikuwepo, na nyongani kulikuwa na plasta ndogo. Nililia kwa ajili ya titi. Kwa ajili ya nyonga niliogopa tu, mpaka majibu yakafika: hawakuona saratani kwenye uboho. Maumivu yale, daktari alisema, ni uzito wangu na kiti changu.

Sijamaliza. Dawa zinaendelea, na daktari hakuniahidi kwamba ugonjwa hautarudi. Lakini Mungu alinibeba nikiwa nimeshindwa hata kumwomba, na kwa hilo namshukuru mbele yenu. Wewe unayeficha uvimbe chini ya kitenge, mtegemee Yeye, nenda upimwe. Usichoelewa muulize daktari. Mimi niliuliza sufuria.

Siku ya majibu nilimsubiri Maman Nsimire mlangoni nikidhani tutalia pamoja. Alitua bidoni, akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho, akasema: "Kama mifupa yako iko muzima, kesho utashuka na mimi kwa maji. Utabeba kabidoni kadogo, na mukono ya kuume. Mifupa yangu mimi ndiyo imechoka."