Mzee Nionyeshe na Jalada la Fundi Cherehani

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila majeruhi wa ajali ya gari aliyepanda ngazi za ofisi yetu ya mawakili amepokewa na mtu mmoja. Ijumaa hii mtu huyo anastaafu. Wengi wetu tumelisahau jina lake. Tunamwita Mzee Nionyeshe.

Kazi yake ni kupima nguvu ya dai kabla halijafika mahakamani. Nieleze kidogo, maana watu hudhani kuumia kunatosha. Hakutoshi. Lazima dereva awe na kosa, lazima jeraha liwepo, na lazima kuwe na uzi unaoliunganisha jeraha na kosa. Uzi ukikatika, dai limekwisha. Ndiyo maana ukimwambia umeumia, hujibu, “Nionyeshe.” Mteja mmoja aliwahi kuanza kuvua suruali pale mapokezi. Tangu siku hiyo Mzee huongeza, “Karatasi, ndugu yangu, karatasi!”

Wiki hii hacheki. Jalada lake la mwisho ni la fundi cherehani, mama mtu mzima, aliyegongwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Dereva alishuka akilia, naye mama akambembeleza: “Nyamaza mwanangu, mimi mzima.” Akaenda zake nyumbani. Jioni mkono ukavimba, na kesho yake hospitali ikakuta mfupa umevunjika. Sasa upande wa dereva umeng'ang'ania maneno yale ya upole: alisema mzima, basi kaumia kwingine. Mkono wenyewe haushiki tena mkasi.

Mzee aliitembea njia yote, kutoka kivukoni hadi mlangoni kwa mama, akabisha hodi kila duka. Muuza dawa mmoja anakumbuka kumfunga mama bendeji jioni ileile ya ajali, ila anaogopa mahakama kama radi. Mzee amemwendea mara nne. Jana alikubali, shingo upande. Atakuja kweli? Mama aliuliza hivyo hivyo, na Mzee hakumficha: “Dada yangu, kosa lipo, jeraha lipo. Uzi ni mwembamba.”

Kesi ni Jumatatu. Jalada nimekabidhiwa mimi. Mzee atakuwa raia wa kawaida siku hiyo, lakini amesema saa moja asubuhi atakuwa mlangoni kwa muuza dawa, waje pamoja.

Ahsante, Mzee, kwa miaka yote hiyo. Tunakutakia mapumziko mema, kuanzia Jumanne.